Taa Tisa Kwenye Picha ya Badria

Tarehe kumi na saba ya mwezi wa Rajabu ilisadifu Jumanne, na Bi Mayasa akaiona hiyo kuwa ni ishara. Alhamisi mwanawe Badria alikuwa avuke kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya mwili mzima, na kabla ya Alhamisi hakukuwa na siku nyengine bora kuliko hiyo ya kutoa damu. Kila mpiga chuku wa Unguja anazijua siku zake: kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na moja.

Bi Mayasa alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Wanawake walimjia nyumbani kwake Mpendae, wengine wakitoka mbali mpaka Nungwi na Makunduchi: wenye kichwa kisichowaachia, wenye kiuno, wenye migongo iliyochoka kwa kuinamia mwani. Naye aliwalaza kifudifudi juu ya mkeka, akawasomea Fatiha, akawaumika kuwatoa damu mbovu. Zamani alitumia pembe za ng'ombe. Siku hizi alikuwa na vikombe vya plastiki vyenye pampu, na wembe mpya kwa kila mtu.

Ila mwanawe mwenyewe hakuwahi kumgusa tangu maradhi yaanze. Ubwa, mkwewe, alikuwa amemwomba asubiri, kwanza wasikilize hospitali. Bi Mayasa akasubiri miaka miwili. Alisubiri pale doa jeusi lilipotokea unyayoni mwa Badria, doa walilodhani ni alama ya mwiba. Akasubiri lilipokatwa na kuitwa saratani. Akasubiri mtoki ulipofura kinenani na usitulie. Tena ikaja dawa mpya, ya bure, kwa mradi wa utafiti, dawa ya drip ambayo kazi yake si kuua uvimbe bali kuwaamsha askari wa mwili waliolala ili wauone uvimbe na kuupiga. Badria alishatiwa mara sita. Picha ya Alhamisi ndiyo itakayoamua. Ikiwa maradhi yamesimama au yamepungua, dawa itaendelea. Ikiwa yametokeza mahali papya, mradi utamtoa, na nyuma ya dawa hiyo hakukuwa na dawa nyengine. Hilo kila mtu nyumbani alilijua, na hakuna aliyelitamka.

"Mama, wallahi Ubwa akijua atanuna mpaka Ramadhani ishe, mpaka Mfunguo Mosi," alisema Badria, huku akivua gauni.

"Na anune. Ubwa fundi wa mafriji. Mie nshawahi kumfundisha kutia gesi?"

"Karatasi ya hospitali imesema nsifanye kazi nzito."

"Kulala kifudifudi ndiyo kazi nzito? Basi wewe ni mchapakazi tangu ulipozaliwa."

Badria akacheka. Alikuwa mwalimu wa skuli ya maandalizi huko Bububu, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kucheka na watoto, kikubwa na cha ghafla. Akaichukua karatasi akamsomea mama yake tena: asile kwa muda wa saa sita, asifanye mazoezi, anywe maji matupu.

"Chuku wamezitaja?" aliuliza Bi Mayasa.

"Hawakuzitaja."

"Basi lala."

Alimpiga saba. Moja chini ya shingo, tatu kulia kwa uti wa mgongo, tatu kushoto, na baina ya moja na nyengine aliacha nafasi ya vidole vinne. Kila alipochanja alisema, "Ya Shafi." Badria alihesabu kila moja kwa sauti, kwa mahadhi yale anayowahesabishia watoto wake darasani. Halafu, vikombe vikiwa bado vimeshika, akaanza kueleza.

"Wananitia sukari, mama, kwenye mshipa. Sukari iliyotiwa kitu kinachotoa miale. Uvimbe una njaa kuliko nyama nyengine, basi huila ile sukari upesi. Ukishaila, unawaka kwenye picha."

"Kama mwizi wa halua. Unamjua kwa midomo inavyong'ara mafuta."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Basi nsikupe sukari, afe kwa njaa huyo."

"Nshamuuliza daktari. Anasema hafi, atanimaliza mie kwanza kwa chai chungu."

Damu ilitoka nyeusi na nzito. Bi Mayasa akaitazama kwa furaha, akaona kama maradhi yenyewe yanatoka. Alimfuta mgongo kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta ya habasoda, na wote wawili wakakubaliana kuwa Ubwa asiambiwe.

*

Huko Dar es Salaam muuguzi alimuuliza Badria maswali kwa utaratibu. Ana sukari? Ana mimba? Ameanguka karibuni? Ana kidonda chochote, au amefanyiwa operesheni? Badria akajibu hapana kwa yote, na moyoni hakuona kama amesema uongo. Kidonda ni kitu kinachompata mtu asipotaka. Operesheni ni ya hospitali. Chuku ni sunna, tena chuku ya mama.

Wakamtia sindano, wakamlaza chini ya blanketi kwa muda wa saa nzima katika chumba chenye mwanga hafifu, wakamwambia asitikisike, wala asiseme, maana hata ulimi ukifanya kazi hula sukari nao ukawaka. Kwa hiyo Badria alileta uradi kwa moyo tu, midomo imefumbwa. Alimsimulia hayo mama yake aliporudi, na Bi Mayasa aliyapenda. Alisema uradi usio na ulimi hufika upesi zaidi.

Siku ya nane Badria, Ubwa na Bi Mayasa waliitwa hospitali, hapa hapa mjini Unguja. Daktari Nusrat alikuwa mtoto wa mtaa wa Malindi, kijana bado, aliyekwenda kusoma nje akarudi. Kwa kawaida hakuacha kumtania Bi Mayasa kuwa wao wawili wanashindana kwa wateja. Siku hiyo hakutania.

"Shikamoo, Bi Mayasa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo?"

"Kaeni kwanza." Akageuza kompyuta ili wote watatu waone.

Palikuwa na umbo la mtu kama kivuli, mikono imeinuliwa juu ya kichwa. Daktari Nusrat akaanza na yale yasiyotisha. Ubongo unawaka, wa kila mtu unawaka, ubongo unakula sukari usiku na mchana. Kibofu kinawaka kwa sababu sukari ile hutoka na mkojo. Mtoki wa kinenani umepungua kidogo. Hapo Ubwa akasema, "Alhamdulillahi," lakini daktari akainua mkono, akamwomba asubiri.

"Kuna taa tisa mpya," alisema. "Kwenye picha ya kwanza, ya kabla ya dawa, hazikuwapo. Saratani ya aina hii hupenda kurukia chini ya ngozi, na walioisoma picha Dar wameandika kuwa imetawanyika."

Ubwa akajiziba mdomo kwa mkono. Badria aliitazama picha kama mtu anayetazama jina lake limeandikwa vibaya.

Bi Mayasa aliinuka. Hakuwa na miwani yake, ikambidi aende karibu sana. Moja chini ya shingo. Tatu kulia. Tatu kushoto. Na nafasi baina yao ni vidole vinne, vidole vya mkono wake yeye. Aliitambua kazi yake kama mshoni anavyoutambua mshono wake kwenye kanzu ya mtu aliyepishana naye njiani.

"Hizo zangu!" alipiga ukelele. "Daktari, hizo zangu mie! Nimempiga chuku!"

"Umempiga nini?"

"Chuku, mwanangu, hijama! Siku mbili kabla ya safari. Badria, vua umwonyeshe. Vua!"

Nyuma ya pazia Daktari Nusrat aliutazama mgongo wa Badria, akagusa alama moja baada ya nyengine, akarudi akatazama picha, akaenda tena. Alipotoka uso ulikuwa umefunguka.

"Bi Mayasa," alisema, "ntakufungulia kesi." Lakini alikuwa anacheka, na machozi yanamlenga.

"Mama wewe utaniua kwa presha!" alisema Ubwa. "Mie nilisema nini? Nilisema tusubiri!" Naye pia alikuwa anacheka, na Badria nyuma ya pazia alicheka kile kicheko chake kikubwa mpaka watu waliokuwa wakingoja nje wakanyamaza kusikiliza.

Daktari akawaeleza. Ngozi ikichanjwa, askari wa mwili hukimbilia pale kuitengeneza, na askari wakiwa kazini nao hula sukari. "Mashine haijui kutofautisha njaa ya uvimbe na hasira ya askari. Wote wawili huwaka. Inamwonyesha anayekula, haionyeshi ni nani." Akachukua kalamu, akaanza kuandika barua ya kwenda kwa mradi. Saba ni majeraha ya chuku, ameyashuhudia mwenyewe.

Halafu kalamu ikaenda polepole.

"Bado mbili," alisema. "Hii iko kwenye ini. Na hii ni mfupa wa nyonga."

Ubwa akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Na hizo pia," alisema Bi Mayasa.

Daktari Nusrat akainua macho.

"Na hizo pia zangu. Nilimpiga na ubavuni, hapa. Na nyongani. Nilisahau kusema, mtu mzima hasahau? Tisa. Andika tisa."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia mgonjwa kuwa amepona kama hajapona. Lakini wakati ule aliliona kosa lake kuwa ni neema aliyopewa na Mola wake, na akalitaka lote. Kama mkono wake ndio uliowasha saba, kwa nini usiwe ndio uliowasha tisa? Walikuwa wanahitaji mtu wa kulaumiwa, na yeye yupo hapa, yu tayari, amesimama.

Daktari aliweka kalamu chini.

Badria ndiye aliyesema. "Mama, zilikuwa saba. Nilikuwa nahesabu."

"Ulipitiwa na usingizi. Hukuzisikia."

"Sikulala."

"Ulilala, Badria! Ulikuwa umelala, mie nnajua ulivyokuwa, mie ndiye niliyekuwa na wembe!"

Badria akatoka nyuma ya pazia, vifungo vya gauni havijafungwa, akamshika mama yake mkono wa kulia. Akausemesha mkono ule kwa sauti ya chini, kana kwamba wengine hawamo chumbani.

"Usiseme uongo kwa ajili yangu, mama. Ukiniombea, nnataka usikilizwe."

Bi Mayasa akakaa. Daktari Nusrat akaizungusha picha ili wauone mwili kwa ubavu. Taa saba zilikaa juu juu, chini ya ngozi, kama vifungo. Ya ini ilikuwa katikati, mbali na ngozi. Ya nyonga ilikuwa ndani ya mfupa, mahali ambapo hakuna kikombe wala wembe unaofika.

*

Hata hivyo mlango ulikuwa haujafungwa wote. Dawa ile, alisema daktari, mara chache huwafanya askari wajae pale penye kijiuvimbe kidogo kisichoonekana mwanzo, na picha ikazidi kuwaka wakati mgonjwa anapata nafuu. Huenda taa zile mbili ni za vita, si za adui. Njia ya kujua ni moja: sindano iingie kwenye ini, itoe kijinyama, kitazamwe. Majibu yangechukua wiki mbili. Mradi ulikubali kungoja.

Wiki mbili hizo Bi Mayasa hakumpokea mteja. Aliyebisha hodi aliambiwa mwenyewe hajiwezi. Alirejea kwa Mwenyezi Mungu kwa tauba ya kweli kwa uongo alioutamka mbele ya daktari, akafunga Jumatatu na Alhamisi, na katika kila sijda aliomba neno moja lililokuwa halimo kwenye kitabu chochote cha dua: "Ya Rabbi, wajaalie wawe askari." Alilitaja kwa Kiswahili, maana kwa Kiarabu hakujua aliseme vipi. Siku nyengine aliwaona, wamevaa kanzu nyeupe, wameuzunguka uvimbe na tochi mikononi, na hilo lilimpa nguvu ya kupika.

Majibu yalitoka Jumatano asubuhi. Safari hii Daktari Nusrat hakukaa upande wa pili wa meza. Alivuta kiti akakaa nao, magoti yake karibu na ya Badria.

"Tumetazama," alisema. "Ni maradhi. Askari hawakuwapo."

"Hata kidogo?" aliuliza Ubwa.

"Wachache. Hawakutosha."

Badria akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, kama mwanafunzi aliyepewa kazi ya nyumbani. Akauliza kuhusu dawa, daktari akasema imesimama kuanzia leo. Akauliza kuhusu maumivu, daktari akasema ya maumivu zipo, na atakuwa anakuja mwenyewe nyumbani. Wote walikuwa watulivu mno.

Ndipo Bi Mayasa aliposema, "Mie ndiye niliyewapoteza njia."

"Nani, mama?"

"Askari. Dawa iliwaamsha. Walikuwa wanakwenda kwenye ini, mie nkawaita mgongoni kwa chuku. Saba, daktari. Niliwachanjia pahala saba. Wakenda huko wote."

Daktari Nusrat aliikamata mikono yake miwili. "Sivyo, Bi Mayasa. Sikiliza. Askari wa mwili hawana hesabu. Wanaokwenda mgongoni hawawapunguzi wengine. Kijiuvimbe kile kilikuwepo wiki nyingi kabla ya chuku zako. Nakuapia."

"Unaniapia?"

"Wallahi."

Bi Mayasa alimwamini. Alijua kuwa mtoto wa Malindi haapi kwa mchezo. Lakini kuna kuamini kwa kichwa, na kuna mkono unaokumbuka mahali ulipokwenda. Mkono wake ulikumbuka.

Walipotoka Badria alitaka wapite bustani ya Forodhani, wakae kidogo. Ilikuwa mapema, wauzaji bado hawajapanga meza zao, na upepo wa pwani ulikuwa baridi kwa mtu aliyekonda. Ubwa alivua koti lake akamfunika mkewe mabega.

"Ubwa," alisema Badria, "friji likishakufa moja kwa moja, unamwambiaje mwenyewe?"

Ubwa alilivuta koti lisimdondoke. "Namwambia tunasubiri kipuri."

"Hata kama kipuri hakipo?"

"Hata kama hakipo."

"Muongo wewe." Akamlalia begani. "Nyinyi wote mlionizunguka waongo. Sijui mie nimetokea wapi."

Bi Mayasa, aliyekaa mwisho wa benchi, akasema, "Umetokea kwa babaako. Alikuwa hawezi kudanganya hata kwenye karata." Wote watatu wakacheka, halafu wakaacha, kwa sababu kicheko cha Badria kilikatika katikati kwa maumivu ya ubavu.

*

Badria alihamia Mpendae Shaabani ilipofika nusu. Walimtandikia kitanda kwenye chumba kilekile walichokuwa wakilazwa wateja, kwa kuwa ndicho chenye dirisha kubwa. Watoto wa skuli walimchorea picha, mwalimu mwenzake akazileta kwenye bahasha. Daktari Nusrat alikuja Ijumaa kwa Ijumaa, akaongeza dawa ya maumivu, na kila mara alipoondoka kipimo kilikuwa kikubwa kuliko cha mara iliyopita.

Siku moja, baada ya adhuhuri, Bi Mayasa alisali ndani ya chumba kile ili asimwache peke yake. Alipotoa salamu aliinua mikono, na dua haikuja. "Mponye" ilikataa kutoka. Alikuwa ameisema mara nyingi sana, katika kila hali, kwa machozi na bila machozi, na sasa ilikuwa kama kumgongea mtu mlango baada ya kukwambia waziwazi kuwa hafungui. Wala "mchukue" hakuweza kuisema. Hakuna mama anayeiweza. Basi akabaki na mikono juu, mitupu, hajui aombe nini.

Badria alikuwa anamtazama. Tangu alfajiri hakuwa amepata usingizi. Kila alipogeuka mfupa wa nyonga ulimuuma.

"Mama," aliita.

"Naam, mwanangu."

"Niombee usingizi tu. Mpaka laasiri. Hilo si kubwa."

"Si kubwa," alisema Bi Mayasa.

Akamwombea hilo. Aliliomba kwa Kiswahili, polepole, akamtaja mwanawe kwa jina lake na jina la baba yake, akaitaja na saa yenyewe ili pasiwe na utata. Badria alisema "Amin", akafumba macho. Pumzi zake zilihangaika kidogo, halafu zikatulia, zikawa za kwenda na kurudi kwa mpango, na uso wake uliokunjamana tangu alfajiri ukanyooka.

Bi Mayasa hakuishusha mikono upesi. Alikaa kwenye msala, miguu imemfa ganzi, anaogopa hata kukohoa, anasikiliza mtu aliyelala.